Kibuyu cha Chihembe

1

Jumatatu ya wiki ya arobaini na moja, mwaka wa nane wa mchwa, namba 0417 ilipanda kutoka sita hadi kumi na tisa.

Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao wa zahanati saa mbili asubuhi, kikombe cha chai mkononi, kama nilivyofanya kila Jumatatu kwa miaka hiyo yote. Ubao ulionyesha namba elfu mbili mia tatu na kumi na sita, moja kwa kila mtu anayelala Chihembe, na mbele ya kila namba kiasi cha madini ya risasi kilichokutwa kwenye damu yake wiki hiyo. Majina hayakuwepo. Watu walikuja, wakatafuta namba zao kwa macho, wakaondoka. Kunyoosha kidole kwenye ubao kulikuwa ushamba, na wageni tu ndio waliofanya hivyo.

Karibu namba zote zilikuwa zinashuka. Zilianzia thelathini, arobaini, mwaka ule tulipomwaga mchwa wa kwanza wa kusafisha udongo. Sasa nyingi zilikuwa chini ya tano, nami nilizoea kuzisoma kwa raha ya mtu anayetazama shamba lake. Ile kumi na tisa ilinitia baridi. Pembeni yake palikuwa na nukta ya bluu. Bangili ya kupima damu, ambayo kila mtu huvaa mkononi, huweka nukta hiyo yenyewe inapoonja damu ya mjamzito.

Nilimaliza chai kwanza. Kisha niliingia kwa nesi. Alikuwa na daftari la wajawazito tisa waliojiandikisha, wote wamempa namba zao kwa hiari yao, na hakuna aliyekuwa 0417. Kwenye ubao nukta zilikuwa kumi. Aliniuliza mimba ya kumi ni ya nani, nikamjibu kwamba kama ningejua nisingekuwa nimeziba mlango wake. Kwetu mimba haitangazwi mpaka ijitangaze yenyewe. Mwanamke anaweza kufika mwezi wa tano bado anasema ameshiba ugali.

Mji mwingine wangefungua kompyuta wakatazama. Chihembe tuna Kibuyu.

Kabla ya mchwa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilipofungwa na wenye kiwanda wakaondoka na funguo zao, zahanati ilipima damu ya watu kwa mara ya kwanza na kubandika majibu mlangoni, pamoja na majina. Walidhani wanatusaidia. Ndani ya mwezi mmoja posa tano zilirudishwa, na vijana waliokuwa wakiitwa kazi za kibarua mjini hawakuitwa tena. Binti yangu Nyemo alikuwa na miaka kumi na miwili na damu yake ilisoma arobaini na nne. Shule nzima ilimwita Betri. Hata mwalimu mmoja mgeni alimwita hivyo, bila ubaya, akidhani ndilo jina lake. Siku hiyo Nyemo alirudi nyumbani kabla ya wenzake, akapanga madaftari yake juu ya kabati, na hakukanyaga tena shule ile. Ilibidi nimpeleke kwa dada yangu akasome huko miaka minne.

Kwa hiyo mchwa walipokuja, mkutano mkuu ulikubali bangili kwa sharti moja. Bangili ziliwekwa kwenye gunia, kila mtu akatia mkono na kuchukua yake bila kutazama. Namba imechongwa upande wa ndani, pale inapogusa ngozi. Jina na namba vinakutana mahali pamoja tu, kwenye sanduku la kumbukumbu ambalo watu wenyewe walilipa jina la Kibuyu. Kibuyu kina funguo mbili: mmoja anao mwenyekiti wa Kamati ya Udongo, mwingine msimamizi wa mchwa. Mafundi walitaka kutuwekea na mlango mdogo, wa kumtazama mtu mmoja pakitokea dharura. Tulikataa, kwa sababu tulijua dharura zingekuwa nyingi. Kibuyu kikifunguliwa kinamwagika chote: majina yote, namba zote, miaka yote, palepale ubaoni, na hakuna namna ya kukijaza tena.

Msimamizi wa mchwa ni mimi, Sechelela. Mwenyekiti ni Mzee Yoeli Ndahani, baba wa marehemu mume wangu.

2

Kibali chetu cha mchwa kilikuwa na kanuni thelathini na moja, na ya kwanza ndiyo iliyokuwa inanikaba. Damu ya mtu yeyote ikipita kumi na tano, msimamizi ana siku kumi na nne za kutaja chanzo. Asipokitaja, wakala wa vibali hutuma kile tunachokiita harufu. Ni unga mweupe unaopulizwa ndani ya kila kichuguu. Malkia anakufa siku ya tatu na kundi lote linamfuata. Kichuguu kisicho na mchwa wa kukiziba hakistahimili mvua, na mvua zilikuwa zimebakiza wiki sita. Risasi yote tuliyoikusanya ingerudi mashambani na kisimani kwa msimu mmoja.

Niseme kidogo jinsi wanavyofanya kazi, maana wengi wanadhani ni uchawi. Mchwa wetu ni mchwa wa kawaida waliobadilishwa kitu kimoja: ulimi. Mchwa wa porini hupandisha udongo wowote anaoukuta chini. Wa kwetu huonja, na punje yenye risasi kwake ni tamu, ataifuata hata mita kumi chini ya ardhi. Anaibeba, anaichanganya na mate, anajengea nyumba. Kila kiangazi tunakata vilele vya vichuguu, tunavipakia kwenye mapipa, na lori linakuja kuvichukua. Vichuguu vyetu ni mia moja na nane. Kila kimoja kina namba, uzio, na kibao chekundu chenye fuvu.

Siku tatu nilipima kila kitu kinachoingia kinywani mwa watu wa Chihembe. Nilipima maji ya kisima na ya mabomba, unga wa uwele, mlenda wa kukausha, sufuria za soko la Ijumaa, rangi za kucha, hata divai ya kanisani, jambo lililomfanya mchungaji anitazame kwa muda mrefu. Hakuna kilichozidi mbili. Mzee Yoeli alituma watu kuniuliza nimefikia wapi, na kila mara nilijibu kwamba naendelea, neno ambalo msimamizi hulitumia akiwa hajafika popote.

Siku ya nne nilikuwa narudi kutoka mzunguko wa mashariki, nikakata njia nyuma ya birika la zamani la kunyweshea ng'ombe. Kuna kichuguu pale ambacho hakina namba. Kilikuwepo kabla ya kiwanda, kabla ya kanisa, na kwenye ramani yangu nilikiandika kwa mkono wangu: kimekufa. Upande wake wa kivulini, usawa wa goti, niliona kiraka cha tope laini. Mtu alikuwa amechonga udongo pale, vipande vya urefu wa kidole, kisha akasiliba shimo kwa tope na kulilainisha kwa kiganja ili lisionekane.

Mate yalinijaa mdomoni.

Hilo ndilo lililotokea kwanza, nalisema kama lilivyokuwa. Kichwa changu kilikuwa bado hakijaelewa ninachokiona, na mdomo wangu tayari ulikuwa unakumbuka. Nilisimama pale nikameza mate mara mbili. Miaka ishirini na moja ilikuwa imepita tangu niliponyonya udongo wa kichuguu hicho nikiwa na mimba ya Nyemo, umekaushwa juu ya moshi wa jikoni, una ladha ya mvua ya kwanza na chumvi kidogo.

Niliinama nikagusa kiraka kwa kalamu ya kupimia. Ilisoma sehemu elfu mbili na mia moja kwa milioni. Nilichimba kidogo kwa kisu, na ndani ya ufa wakatoka mchwa wangu, wenye vichwa vya rangi ya kahawia iliyokolea, wanakimbilia kuziba. Walikuta nyumba tupu iliyojengwa tayari wakahamia, bila kuvunja uzio wowote. Mimi ndiye niliyekiandika kimekufa na sikurudi kukitazama.

Nilikaa chini. Kosa hilo la ramani lilikuwa dogo, na lilikuwa na kaka yake mkubwa.

Mwaka ule wa kuomba kibali, Daktari Tesha kutoka chuo alikuja na fomu ndefu, akaisoma mbele ya mkutano swali kwa swali. Swali la ishirini na mbili lilisema: je, kuna desturi yoyote ya kula, kunywa au kujipaka udongo wa kichuguu? Wanaume walijibu kwa sauti moja kwamba hakuna, na walijibu kwa moyo safi kwa sababu hawajui. Wanawake tuliangalia sakafu. Kula udongo ni jambo la jikoni. Anayekupa ni mama au mama mkwe, unakula umegeuka ukutani, na mume anaweza kuzaa na wewe watoto saba asijue. Kulitaja mbele ya baba mkwe ni sawa na kuvua nguo. Daktari alirudia swali, akawageukia wanawake, akasubiri. Alikuwa mtu mwema, alisubiri kweli. Mimi nilikuwa katibu, kalamu ninayo mimi, na Mzee Yoeli alikuwa amekaa mstari wa mbele, hatua mbili kutoka kwangu. Nikaandika: Hakuna.

3

Mama mkwe wangu, Bibi Perusi, alikuwa anapepeta uwele uani. Nilimsalimu, nikamsaidia kuondoa mawe kwa muda, tukaongea habari za mbuzi wake mmoja aliyekuwa anatafuna kamba. Kisha nilitoa kipande cha udongo mfukoni na kukiweka kwenye ukingo wa ungo.

Alikitazama bila kushtuka. Aliniuliza kama nina jambo la kumwambia, kwa umri wangu. Nikacheka kidogo, naye akacheka, halafu nikaweka kalamu juu ya udongo na kumwonyesha kioo chake kikigeuka chekundu. Bibi Perusi hajui kusoma namba za kalamu, lakini wekundu anaujua. Ameishi karibu na mabango yetu kwa miaka minane. Nilimweleza kwamba mchwa wamehamia kwenye kichuguu cha birika, na kwamba kuna mwanamke ambaye damu yake imepanda mpaka kumi na tisa, naye ana mimba. Nilimweleza risasi inafanya nini kwa mtoto aliye tumboni. Sikupamba wala sikupunguza.

Aliutoa ungo magotini. Aliuweka chini.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Sijui. Labda tangu kiangazi kilichopita."

Alitazama ungo. Nilidhani anahesabu wanawake. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba alikuwa anamfikiria mmoja tu.

"Mama, nakuomba," nilisema. "Umempa nani?"

"Sitamtaja."

"Mtoto anaumia."

"Nimesikia. Mimi nikitoka hapa nitamwambia aache, leo hii. Lakini jina sikupi wewe wala simpi baba yenu. Mnacho Kibuyu chenu, mimi nina changu, na changu hakijawahi kuvuja tangu nikiwa na miaka thelathini."

Hapo nilipaswa kufarijika, na nilifarijika kwa muda wa pumzi moja. Kisha aliongeza, akiwa anatazama mikono yake, kwamba hajui udongo umefika wapi. Yeye huwapa wanne au watano. Hao humegeana na wenzao kisimani, na wenzao humpelekea dada mtaa wa pili. Wengine huchonga wenyewe, baada ya kuonyeshwa kichuguu. Udongo haukai mkono mmoja, alisema. Kama 0417 si mtu wake, neno lake halitamfikia, na mtu huyo ataendelea kunyonya sumu akidhani anatuliza kichefuchefu.

Kwa hiyo zilibaki njia mbili. Ya kwanza ilikuwa Kibuyu: dakika moja, funguo mbili, na jina la 0417 lingekuwa ubaoni pamoja na majina ya wengine wote. Ya pili ilikuwa kusema mbele ya watu, kwa mdomo, kile ambacho hatujawahi kukisema, na kuwaachia wanawake wenyewe wasikie au wapuuze. Ya kwanza ilikuwa ya uhakika. Ya pili ilikuwa na kasoro nyingine ambayo nilijua fika: mtu anayeitaja desturi hiyo lazima aeleze kwa nini fomu inasema haipo. Kanuni ya tatu ya kibali ni fupi. Msimamizi aliyejaza taarifa ya uongo anaondolewa siku hiyo hiyo na hasimamii mchwa tena popote nchini.

Nilipenda kazi ile. Sina neno la kisayansi la kuliweka badala ya hilo. Nilizipenda zile asubuhi za kuweka sikio kwenye kichuguu na kusikia kazi inaendelea ndani, na nilipenda kwamba namba zilizokuwa zinashuka zilikuwa kwa kiasi fulani kazi ya mikono yangu.

4

Kamati ilikaa Jumanne saa nne, kwenye jengo la mizani ambamo zamani walipimia malori ya betri. Mkutano wa Kamati uko wazi, na siku hiyo watu walijaa mpaka nje. Wanaume mbele, wanawake nyuma. Nilimwona Bibi Perusi karibu na mlango, na Nyemo ameketi pembeni yake, kichwa kimejifunika kanga.

Mzee Yoeli alifungua kwa maneno machache. Alisema siku nane zimepita, zimebaki sita. Alisema wakala hatasikiliza hadithi. Kisha akatoa ufunguo wake kwenye kitambaa, akauweka juu ya meza, na kila mtu aliusikia ukigusa mbao.

"Najua tuliahidi nini," alisema. "Nilikuwepo, na mkono wangu niliunyoosha. Lakini kuna mtoto tumboni mwa mtu humu ndani. Upande mmoja nina mtoto, upande mwingine nina aibu zetu sisi watu wazima. Mimi nachagua mtoto. Mama Nyemo, weka ufunguo wako."

Ilikuwa hoja nzuri. Bado naiona ni nzuri, na sijawahi kumlaumu. Baadhi ya watu waliitikia kwa vichwa. Wengine, hasa wale waliokuwa vijana enzi za orodha ya mlangoni, walikaa kama watu wanaosubiri sindano. Kibuyu kilikuwa na ndoa zao ndani, na kazi zao, na kila namba waliyoificha hata kwa wake zao. Mtu angesema namba ni namba tu. Mtu huyo hakuwahi kumsikia mtoto wake akiitwa Betri.

Nilisimama. Ufunguo ulikuwa mfukoni, umepata joto la mkono wangu.

"Baba, sitauweka," nilisema. "Chanzo ninacho."

Nikaeleza habari za kichuguu cha birika, na kosa langu kwenye ramani. Mpaka hapo sauti ilikuwa ya msimamizi na watu walikuwa wanafuata. Mmoja aliuliza kichuguu kinamdhuru mtu vipi kama hakuna anayekigusa. Nilimjibu kwamba wanawake wa Chihembe wakiwa na mimba hula udongo wake.

Wanaume walitazamana. Wanawake walitazama sakafu, ileile waliyoitazama siku ya fomu.

"Nani anakula?" Mzee Yoeli aliuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli.

"Mimi nilikula, Baba. Nikiwa na mimba ya Nyemo, miezi mitano, karibu kila siku."

"Nani alikupa?"

"Nilichonga mwenyewe."

Huo ulikuwa uongo, na ndio uongo pekee niliousema siku hiyo. Sikugeuka kutazama mlangoni.

Mzee Yoeli alichukua fomu ya kibali kutoka kwenye jalada. Alitafuta swali kwa kidole, taratibu, miwani imeshuka puani. Alisoma jibu kwa sauti, neno lile moja, kwa mwandiko wangu.

"Na hapa kwa nini uliandika hivi?"

"Kwa sababu Baba ulikuwa umekaa hapohapo ulipokaa sasa."

Mzee Yoeli aliishusha fomu mezani na kuiweka sawa na ukingo, akaigusa tena kuhakikisha iko sawa. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma mimi pia, na nilitamani mtu afungue dirisha. Kisha nikageukia nyuma, kwa mara ya kwanza, na kuwaambia wanawake yaliyobaki. Niliwaambia udongo wa birika ni sumu sawa na vichuguu vyenye mafuvu. Niliwaambia aliye nao auache leo, aliyempa mwenzake amwambie, na kwamba nimeweka kikapu chenye kifuniko nyuma ya tangi la maji la zahanati, mahali ambapo hakuna dirisha linaloelekea. Atakayetaka kutupa atupe humo. Sitamuuliza mtu.

Hakuna aliyesimama kusema naye alikula. Niliwahi kusikia habari za mikutano ambayo mmoja akisimama wote husimama, lakini haikuwa siku hiyo, wala haikuwa Chihembe. Watu walitoka wakiongea habari za mvua.

Mzee Yoeli aliufunga ufunguo wake kwenye kitambaa na kuurudisha mfukoni. Aliponifikia alinyoosha kiganja, nikampa wangu. Alisema atamwandikia wakala mchana huo kwamba chanzo kimejulikana na kwamba msimamizi ameondolewa. Alipofika mlangoni alirudi hatua mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini udongo ule una ladha gani. Nilimwambia una ladha ya mvua. Akatikisa kichwa, akaenda.

5

Alhamisi nesi alifungua kikapu. Kulikuwa na vifurushi kumi na vinne, vingine vimefungwa kwenye karatasi, vingine kwenye ncha za kanga kuukuu zilizokatwa kwa mkasi. Wajawazito walikuwa kumi. Nesi alishangaa, mimi sikushangaa. Kuna mabibi ambao hawajawahi kuacha.

Msimamizi mpya aliletwa kutoka mbali, kijana mpole anayevaa buti hata siku za jua. Alizungushia uzio kichuguu cha birika na kukipa namba 109. Alinisalimu kwa heshima na hakunialika kwenye mzunguko, na alikuwa sahihi. Mchwa walibaki. Wakala alikubali chanzo, vilele vilikatwa kwa wakati, na lori lilikuja.

Mimi nilibaki na Jumatatu. Nilisimama mbele ya ubao kama mtu mwingine yeyote, nikijifanya natafuta namba yangu. Jumatatu ya kwanza baada ya mkutano, 0417 ilisoma ishirini na moja. Nilirudi nyumbani nikalala mchana, kitu ambacho sijawahi kukifanya nikiwa mzima. Niliogopa kwamba sikusikika, na kwamba mtoto wa mtu atalipia heshima yangu kwa ahadi. Ningekuwa na ufunguo siku hiyo, sijui ningefanya nini. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walinipa sifa ya msimamo ambayo sikuwa nayo siku ile.

Jumatatu iliyofuata ilisoma kumi na nane. Halafu kumi na tano. Halafu kumi na mbili.

Jumapili ya wiki hiyo tulirudi kutoka kanisani mimi na Nyemo, naye akasema atapika chapati. Yeye hupika chapati akiwa na neno. Alimimina unga kwenye beseni, akavua bangili yake ili isishike unga, akaiweka juu ya kifuniko cha debe. Aliiweka chali, upande wa ndani unatazama juu.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, mita moja kutoka debe lile. Macho yangu bado ni mazuri. Ningeinua kichwa kidogo tu.

Nilivuta kitambaa cha vyombo nikaifunika.

Nyemo aliendelea kukanda. Alikuwa amenipa mgongo, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyofunga kanga yake, juu zaidi ya kiuno, kama wanavyofunga wanawake ambao kiuno kimeanza kuhama. Mimi niliyehesabu mchwa kwa miaka minane nilikuwa nalala chumba cha pili na sikuona.

"Niliacha Jumanne ileile," alisema, bila kugeuka. "Bibi alikuwa ameniambia niache kabla ya hapo. Sikuacha. Nilidhani ni maneno ya uzee. Nilipokusikia wewe ndipo nilipoacha."

Nilitaka kumuuliza mambo mengi: mwezi wa ngapi, na kama yule kijana aliyeleta posa yake mwaka huu anajua, na kama anahisi mtoto. Nilitaka kumwambia kwamba sijui, na daktari yeyote hajui, zile wiki zilizopita zilimfanya nini aliyemo ndani.

"Ubao ulinitisha, Mama. Kila Jumatatu. Na Babu alipoweka ufunguo mezani..." Alisimamisha mikono ndani ya unga. "Begi nilikuwa nimeshalifunga. Lilikuwa nyuma ya mlango siku ile. Ungeuweka wako, nisingesubiri kusoma jina langu."

Aliosha mikono, akakausha kwenye kanga, akaja kusimama mbele yangu. Hakulia na mimi sikulia, ingawa ilikuwa karibu. Nilitoa bangili chini ya kitambaa kwa kuipapasa, nikamshika mkono, nikamvisha mwenyewe, upande wa namba ukilala kwenye ngozi yake.

Nilimwambia asiivue tena leo, maana kesho ni Jumatatu.